Uzi: Vijiji vya ushirika wa kilimo Pemba vilianzishwa na nani hasa, na kwa nini vingi vilisambaratika?

1. Mkaaji wa Bondeni

Assalaam alaykum. Kijiji cha upande wa mama yangu kiko baina ya Wete na Chake Chake, na sitakitaja kwa jina kwa kuwa shauri la ardhi yake bado liko kwa sheha, kiongozi wa serikali ngazi ya kijiji. Kwa miaka mingi kilijulikana kuwa kijiji cha ushirika: bonde moja la mpunga lililolimwa kwa pamoja, ghala moja, mzani mmoja wa karafuu na daftari moja la mahudhurio. Leo ghala limebaki kuta tupu, na bonde limegawika vipande ambavyo kila nyumba inadai kuwa ni vyake tangu enzi na enzi.

Skuli tulifundishwa kwamba vijiji vya namna hii viliundwa na serikali baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Mimi nadai kinyume chake, kwamba wazee walikuwa wameshajipanga kabla ya hapo, na kilicholetwa na serikali ni daftari na muhuri tu. Mwenye hoja ya kunipinga anipinge.

2. Maalim Pishi

Waalaykum salaam. Nakupinga. Kusaidiana bondeni ni jambo la kale ambalo hakuna anayelikana, lakini kusaidiana si ushirika. Ushirika unataka mali ya pamoja, na mali hiyo haikupatikana mpaka ardhi ilipotoka mikononi mwa wenye mashamba makubwa. Serikali ilitaifisha ardhi mwaka 1964, ugawaji wa eka tatu tatu ukaanza mwaka 1965, na Amri ya Ugawaji wa Ardhi ya mwaka 1966 ikaweka masharti. Familia zaidi ya 20,000 zilipata eka hizo Unguja na Pemba.

Sasa tazama masharti yenyewe. Aliyepewa eka alipewa haki ya kuitumia, hakupewa ruhusa ya kuiuza, kuiweka rehani wala kuikata vipande. Msimu wa karafuu unapoingia, mwenye shamba anahitaji fedha taslimu za kulipa wachumaji kabla hajauza hata gunia moja, na mtu asiyeweza kuweka shamba lake rehani atakopeshwa na nani? Ndipo wenye eka walipolazimika kuungana, wakaweka mzani mmoja na mfuko mmoja. Kijiji cha mama yako ni mtoto wa eka tatu, hata kama wazee wanaona fahari kusema vinginevyo.

3. Mngoja Vuli

Nyote wawili mmelisahau Azimio la Arusha la mwaka 1967. Nchi nzima iliingia katika vijiji vya ujamaa, sheria ikapitishwa mwaka 1975, na Pemba haikuwa nchi nyingine. Daftari la mahudhurio, ghala moja na shamba la pamoja ni alama za kijiji cha ujamaa waziwazi.

4. Karani Mstaafu

Ndugu yangu Mngoja Vuli, vuli yako imenyesha ng'ambo ya bahari. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilihusu Tanzania Bara. Kilimo na ardhi havimo katika orodha ya mambo ya Muungano, kwa hiyo zile operesheni za kuhamisha watu baina ya mwaka 1973 na 1976 hazikuvuka maji kuja huku. Chama cha Afro-Shirazi na TANU havikuungana mpaka Februari 1977, na kabla ya hapo siasa ya kilimo Zanzibar iliamuliwa Zanzibar. Neno ujamaa lilitumika katika hotuba za huku pia, hilo sikatai, lakini hakuna Mpemba aliyebebewa vitu vyake kwenye lori akatupwa kwenye kijiji kipya.

Kwa Maalim Pishi nami nina neno. Hoja yako ya eka ingekaa vizuri zaidi Unguja, ambako mashamba makubwa yalikuwa ya wachache. Pemba mikarafuu mingi ilikuwa ya Wapemba wenyewe, vishamba vidogo vidogo vya urithi vilivyopakana na mashamba ya Waarabu, na baadhi ya wenye vishamba hivyo waliona ugawaji kama hasara wala si neema. Ukitaka chimbuko la watu kukaa pamoja bila kumiliki, rudi nyuma zaidi. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja ikaiacha ya Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, walioachwa huru wengi walibaki mashambani mule mule, wakilima mihogo na mpunga kwa idhini ya mwenye shamba na kuchuma karafuu msimu ukifika. Viambo vya namna hiyo vilikuwa na mpangilio wao wa kazi muda mrefu kabla ya eka.

5. Mtu wa Cheju

Nawasalimu kutoka Unguja. Naona hakuna aliyezitaja kambi za vijana. Baada ya Mapinduzi, Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi ulifungua kambi ambako vijana walilala, wakalima, wakasomeshwa siasa na kucheza gwaride, na sehemu kubwa ya urithi huo ukaja kushikwa na Jeshi la Kujenga Uchumi. Sambamba na kambi kulikuwa na mashamba ya serikali, kama lile la Upenja lililoanzishwa kwa msaada wa Wachina. Ninamjua mzee mmoja aliyepita kambini akarudi kijijini kwao na mambo matatu: kengele ya asubuhi, daftari la mahudhurio na tabia ya kupima kazi kwa ngwe, yaani kipande cha kulima alichokatiwa kila mtu. Kijiji kizima kikaigeuza kambi kuwa ushirika. Mkaaji, hebu waulize wazee kama kulikuwa na kengele.

6. Bint Ole

Nimesoma yote, na nimeona kwamba katika machapisho matano hakuna mwanamke hata mmoja aliyeingia bondeni. Niruhusuni niwaeleze bonde lenyewe, kwa sababu mnazungumzia mikarafuu ilhali Mkaaji ameuliza kuhusu kijiji chenye mpunga.

Mpunga wa bondeni Pemba ni kazi ya wanawake tangu kusia hadi kupeta. Mwanamume husaidia kukatua kwa jembe kabla ya masika, au huita trekta likipatikana, kisha huondoka kwenda kwenye karafuu, uvuvi au mjini. Kinachobaki ni kupalilia majini huku mgongo umeinama wiki nzima, kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, tangu alfajiri mpunga unapoanza kukomaa, kuvuna suke kwa suke kwa kisu, na kubeba. Ndege hawaamiwi na nyumba moja. Ukiamia kipande chako peke yako, ndege huhamia kwa jirani kisha hurudi kwako jirani akichoka. Kwa hiyo bonde lote lazima liamiwe siku moja na watoto wa nyumba zote. Palizi nayo haingojei: nyasi zikiachwa wiki mbili hupita mpunga. Mwenye mzazi mgonjwa au mwenye mtoto mchanga alipalililiwa na wenziwe, na alikuja kulipa kwa siku zake baadaye, na siku hizo zilihesabiwa kwa kichwa bila daftari na hazikusahaulika. Hakuna aliyetuagiza kufanya hivyo, si chama, si kambi, si wenye eka. Bonde ndilo lililotulazimisha.

Serikali ilipokuja kuandikisha ushirika, karani aliuliza jina la mkuu wa kaya. Mama yangu amefanya kazi katika bonde hilo maisha yake yote, na katika daftari la kwetu jina lililoandikwa ni la baba yangu, aliyekuwa akilikanyaga bonde hilo siku za kukatua tu. Tangu hapo waliokuwa wakilima hawakupiga kura, na waliokuwa wakipiga kura hawakulima. Mnauliza kwa nini ushirika ulisambaratika; mimi nashangaa ulidumuje.

7. Mkaaji wa Bondeni

Ahsante, Bi Bint Ole. Nimempigia simu mama, na amesema kengele ilikuwepo, kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa kwenye mwembe. Ameongeza kuwa kengele ilikuwa ya kuwaita wanaume kwenye mikarafuu, na wanawake walikuwa wameshatangulia bondeni kabla haijagongwa. Kwa hiyo Mtu wa Cheju amepata haki yake, na Bint Ole amepata yake, na mimi sijui nimebaki na nini.

Daftari tunalo. Majina ni ya wanaume isipokuwa mawili, na mama anasema hao wawili walikuwa wajane.

8. Mrithi wa Minazi

Mnajadili nani alianzisha, ilhali kilichovunja ndicho kinachotuumiza hadi leo. Natoka wilaya ya Mkoani. Kwetu ushirika haukufa kwa siasa wala kwa bei, ulikufa kwa minazi.

Kila Mzanzibari anajua kwamba mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na hao wawili wanaweza kuwa watu tofauti. Kwa desturi zetu jirani anaweza kukuomba alime mihogo au viazi chini ya mikarafuu yako, nawe ukamruhusu bila hata malipo, kwa sababu mihogo huvunwa na ardhi hubaki kama ilivyokuwa. Asichoruhusiwa ni kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa aliyepanda mti ameshaweka mguu. Katika shamba letu la pamoja, mwanachama mmoja alipanda minazi kadhaa pembezoni, akasema ni ya kuweka kivuli cha kupumzikia wakulima. Mwenziwe akaona, naye akapanda. Halmashauri ya ushirika ikashindwa kung'oa kwa sababu mjumbe mmoja naye alikuwa ameshapanda. Minazi ilipoanza kuzaa, kila mmoja alikwenda kuangua yake, na baada ya wazee kufariki watoto wakagawana minazi kwa mafungu ya mirathi, na ardhi iliyo chini yake ikafuata. Shamba la ushirika lilirithiwa mti baada ya mti, na hakuna kikao hata kimoja kilichokaa kikaamua kuuvunja ushirika.

9. Maalim Pishi

Mrithi wa Minazi, kisa chako kinaiunga mkono hoja yangu kuliko unavyodhani. Mtu asiyeruhusiwa kumiliki ardhi hujitafutia cha kumiliki juu yake. Masharti ya eka yangekuwa mepesi, minazi hiyo isingepandwa kwa hila.

10. Mngoja Vuli

Narudi, ingawa Karani amenivusha bahari kwa nguvu. Mimi nasema ni bei ya karafuu. Tangu Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lilipoanzishwa mwaka 1964, mkulima aliuza kwa mnunuzi mmoja na kwa bei moja aliyopangiwa. Ushirika unaotegemea mzani wa karafuu utaishije ikiwa karafuu haimlipi hata mchumaji?

11. Karani Mstaafu

ZSTC ni ya mwaka 1968. Mnunuzi mmoja, hata hivyo, si jambo lililoanza na Mapinduzi: Chama cha Wakulima wa Karafuu kiliundwa mwaka 1927 chini ya Waingereza, na sheria za mwaka 1934 zikakipa mamlaka makubwa mno ya kununua na kusafirisha, hata wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia karafuu ya Zanzibar mwaka 1937.

Kuhusu bei nakubaliana nawe nusu. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa katika sigara zao za kreteki. Waindonesia wakapanda mikarafuu yao kwa wingi, na ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wakijitosheleza, soko la dunia likaporomoka na bei ya huku ikaporomoka nalo. Waliokuwa na nguvu za kuchuma waliona bora wasichume. Karafuu isipochumwa hugeuka mpeta, yaani tunda lililopita wakati wake, mtini, na mikarafuu isiyopaliliwa humezwa na mwitu. Nusu ninayoikataa ni hii: bei ilipokuwa nzuri katika soko la dunia miaka ya 1970, mkulima alipata sehemu ndogo ya bei hiyo, na ushirika haukuvunjika. Bei mbaya peke yake haielezi.

12. Fundi wa Majamvi

Haukuvunjika kwa sababu karafuu nyingine zilikuwa zikisafiri usiku kwenda Mombasa, na faida yake ndiyo iliyokuwa ikiendesha nyumba. Nasema haya kwa heshima ya babu zetu, ambao bila shaka hakuna hata mmoja wao aliyehusika, na mashua zote zilizoondoka bila taa zilikuwa zikienda kuvua.

13. Mngoja Vuli

Babu yangu alikuwa mvuvi hodari sana. Alikuwa akirudi na vitenge na redio.

14. Msimamizi wa Jukwaa

Wanajukwaa, tafadhali watu wasitajwe kwa majina wala kwa vijiji. Mjadala uendelee kuhusu ushirika.

15. Mtu wa Cheju

Turudi kwenye mpunga, kwa sababu naona Bint Ole amejibiwa kwa ahsante tu. Mzee Karume alipozuia mchele wa nje mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili nchi ijitegemee kwa chakula, watu waliteseka, na wazee wa Pemba wanazikumbuka foleni na mihogo ya miaka hiyo kuliko wanavyoikumbuka hotuba yoyote. Lakini kipindi hicho kila bonde lilikuwa na thamani. Wakulima wa ushirika walipewa kipaumbele cha trekta na mbegu, na bonde lisilolimwa lilikuwa aibu ya kijiji kizima.

Karume aliuawa Aprili 1972, na Mzee Aboud Jumbe akalegeza. Kisha mwaka 1984 ukaingia uongozi wa Mzee Ali Hassan Mwinyi na biashara ikafunguliwa, mchele wa nje ukajaa madukani. Nani angekubali kuinamia maji wiki nzima kwa mchele ambao dukani ni rahisi na hauna mawe? Trekta nazo zilikuwa zimeanza kuharibika na kungoja vipuri karakana ya Mbweni. Kwetu Cheju tulisalimika kidogo kwa sababu bonde ni pana. Mabonde ya Pemba ni membamba, yamebanwa baina ya vilima, na trekta likiingia huhangaika hata kugeuka.

16. Bint Ole

Mtu wa Cheju, mchele wa dukani ulikuwa rahisi kwa mwenye fedha. Mwanamke aliyeachwa kijijini na mume aliyehamia Unguja, Tanga au Mombasa hakuwa na fedha hizo, kwa hiyo alibaki bondeni. Kilichokwisha miaka ya 1980 ni ushirika wa kwenye daftari. Kupalililiana kuliendelea kwetu na kunaendelea, ingawa kumepungua, na sababu ya kupungua naiona kwingine: mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoingia mwaka 1989, na baadaye kuenea Pemba, wanawake wa vijiji vilivyo karibu na pwani walipata kazi ambayo malipo yake huingia mkononi mwao wenyewe kwa jina lao wenyewe. Wanaolalamika kwamba wanawake wameyaacha mabonde wajiulize kwanza ni nani aliyekuwa akishika fedha za mpunga.

17. Karani Mstaafu

Kuna jambo la kiofisi ambalo hamjaligusa. Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 4 ya mwaka 1986 ilitaka kila chama kiandikishwe, kiwe na katiba, kiweke hesabu na kikubali kukaguliwa. Ilikuwa sheria nzuri kwa chama chenye karani. Kijiji kilichokuwa na daftari moja la mahudhurio, na mshika fedha aliyekuwa akihifadhi fedha ndani ya kopo la maziwa, kingekaguliwa nini? Nimeona kwa macho yangu vikundi vilivyokuwa vikilima vizuri vikikataa kujiandikisha kwa kuogopa hesabu, na vikundi visivyolima kabisa vikiandikishwa kwa kuwa mwenyekiti wao alijua kuandika barua. Mkaaji, kurasa za mwisho za daftari lenu ni za lini?

18. Mkaaji wa Bondeni

Ni za miaka ya 1980, na hazina tarehe kamili. Mwandiko unabadilika mara tatu katika kurasa chache, kisha kuna orodha ya waliokopa magunia na haikufutwa. Kwa hiyo Karani, Mtu wa Cheju na Mngoja Vuli wote wanaweza kulitumia daftari hili kuwa ushahidi wao, jambo ambalo halinisaidii hata kidogo.

19. Mjukuu wa Sheha

Kwa ufupi na kwa tahadhari: kwetu kulikuwa na kikundi kilichovuka yote mliyoyataja, bei, mchele na usajili, kikaja kufia baada ya uchaguzi wa mwaka 1995. Watu walisusiana kwa sababu ya vyama: maduka, harusi na hata mazishi. Mtu asiyehudhuria maziko ya jirani hawezi kupalilia naye. Maridhiano ya CCM na CUF ya mwaka 2009 yalirudisha salamu, hayakurudisha kikundi.

20. Maalim Pishi

Hilo ni kweli, lakini linahusu vilivyokuwa vimebaki. Vingi vilikuwa vimeshakufa.

Niseme jambo kuhusu shauri la Mkaaji, kwa kuwa yuko kwa sheha sasa hivi. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 bado inahesabu ardhi kuwa ya umma, na mtu hupewa haki ya matumizi. Mashauri yakishindikana kwa sheha yana Mahakama ya Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Msikubali bonde na mikarafuu viwekwe katika shauri moja. Tangu mwaka 2011, ZSTC ilipopandisha bei hadi shilingi 15,000 kwa kilo na serikali ikaahidi mkulima apate asilimia 80 ya bei ya dunia, watu waliokuwa wamesahau mikarafuu ya babu zao wamekumbuka ghafla. Mgogoro wenu utakuwa umechochewa na mikarafuu ya kilimani, na bonde limeburutwa tu.

21. Mkaaji wa Bondeni

Umejuaje? Wanaodai bonde kwa sauti kubwa ndio hao hao waliokwisha kuweka alama kwenye mikarafuu iliyo karibu na ghala.

Basi naomba swali moja lijibiwe na wenye kumbukumbu za vijiji vyao: eka tatu zilipogawiwa kwenu, bonde la mpunga liliingizwa katika mgao, au iligawiwa mikarafuu na minazi pekee? Kama bonde halikugawiwa, hoja ya Maalim inaishia kilimani.

22. Mrithi wa Minazi

Kwetu bonde halikuguswa. Waliopewa eka walipewa juu, na bondeni kila nyumba ilibaki pale ilipokuwa ikilima.

23. Fundi wa Majamvi

Kwetu liliguswa nusu. Upande wa mashariki wa bonde ulihesabiwa kuwa sehemu ya shamba la Mwarabu, ukapimwa na kamba pamoja na mikarafuu. Upande wa magharibi ukaachwa. Na ushirika ulianza upande wa mashariki.

24. Maalim Pishi

Mmemsikia Fundi.

25. Bint Ole

Tumemsikia. Fundi, upande wa magharibi nani walikuwa wakiamia ndege, na waliwaita wa mashariki au hawakuwaita?